Zege la saa nne usiku

Muuza chipsi haangalii anapomimina. Mkono mmoja unapasua mayai mawili kwenye bakuli, mwingine unazungusha chupa ya mafuta juu ya kikaango. Viazi vilishaiva kwenye karai na kunywa mafuta ya kutosha. Sasa vinakaangwa tena pamoja na mayai: hilo ndilo zege. Jirani na hosteli moja ya chuo hapa Dar es Salaam nilimwomba mmoja wao anipimie anachomimina kwa kijiko cha chakula. Vilitoka viwili na ushee, na kijiko kimoja ni takriban kilokalori 120. Ilikuwa saa nne usiku, foleni ya wanafunzi watupu.

Mimi ni mtu wa lishe, na foleni ile naifahamu kwa matokeo yake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anarudi nyumbani likizo, shangazi anampokea kwa vigelegele: "Umenawiri mwanangu, chuo kimekupenda!" Mwenyewe anajua sketi haifungi.

Wengi wakija kwangu wanaanza kwa kuulaumu ugali. Nami huutetea. Mtoto huyo kala ugali na maharage miaka yote ya bweni, mwili haukumzidi. Kilichobadilika ni kengele. Bwenini kulikuwa na kengele ya kuamka, ya mchakamchaka, ya chakula na ya kulala. Waliopitia JKT baada ya kidato cha sita ndio usiseme: alfajiri mbio, mchana jembe, usiku usingizi wa gogo. Mwili ule unafika chuoni umekonda, njaa yake bado ya kuruta, na hakuna anayepiga kengele tena. Unaamka kipindi kinapokutaka, unakula mfuko unaporuhusu.

Mfuko nao una majira. Fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, lile bumu linalosubiriwa kama mvua, zilipandishwa hadi shilingi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23, ila haziingii siku kwa siku. Zinaingia kwa mkupuo. Wiki ya bumu ni kuku, chipsi na soda mkononi. Likikata, watu wanapiga pasi ndefu: chai asubuhi, kisha kimya mpaka usiku. Wapo wanaoamini pasi ndefu inapunguza mwili. Ninavyowaona mimi, mara nyingi inaishia kinyume, maana aliyeshinda na chai peke yake akifika kwenye kibanda hachagui, anajaza.

Tulitendee haki zege lenyewe. Kwa hesabu yangu, sahani moja inakaribia kilokalori 900, na sahani iliyojaa ugali, maharage na mchicha haiko mbali sana na hapo. Ila maharage yana nyuzinyuzi na protini, yanakaa tumboni. Zege kwa kawaida halichukui nafasi ya chakula cha jioni. Linakuja juu yake. Ni mlo wa nne, unaoliwa kwa sababu wenzako wanashuka kula na wewe hutaki kubaki chumbani.

Kinywaji kinanisumbua zaidi. Soda ya nusu lita ina sukari kama gramu 53, vijiko vya chai 13. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu anayekula kilokalori 2,000, na ikiwezekana nusu ya hapo. Chupa moja imeshavuka mpaka. Na tumbo halina habari nayo: aliyekunywa soda hapunguzi wali. Chupa moja ya ziada kila siku kwa wiki 15 za muhula ni kilokalori 22,000 hivi, ambazo kwenye karatasi ni karibu kilo tatu za mafuta. Mwilini huwa pungufu, kwa kuwa mwili nao hujirekebisha, lakini hazipotei zote.

Halafu kuna zile enaji za kukeshea. Nusu ya kafeini huchukua kama saa tano kutoka mwilini, kwa hiyo uliyokunywa saa nne usiku, nusu yake bado iko damuni saa tisa. Umelala, lakini si usingizi. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 12 wa kiume kwa saa nne tu, siku mbili mfululizo. Homoni inayoamsha njaa ilipanda, ya kushibisha ikashuka, na hamu yao ikaelekea kwenye vitamu, vya chumvi na vya wanga. Kwa lugha ya kwetu: maandazi, krispu, zege.

Nisikutishe kupita kiasi. Wamarekani wana msemo kwamba mwaka wa kwanza chuoni unaleta ratili 15, karibu kilo saba. Wametia chumvi. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliotoka mwaka 2015, ulipata wastani wa kilo 1.4 hivi. Kijana wa miaka 19 kuongezeka kilo moja si msiba. Ubaya ni kuirudia kila mwaka mpaka mahafali.

Kwa hiyo jipigie kengele mwenyewe. Kula mchana, hata kama ni wali maharage kwa mama ntilie, na jioni kabla ya saa mbili. Ukikesha, wauza mayai ya kuchemsha wapo mtaani mpaka usiku. Mawili na kachumbari hayafiki kilokalori 200. Machungwa yanamenywa barabarani, kunywa maji, na bajaji ya kukupandisha kilima cha chuo iache ipite: dakika 22 za mwendo wa haraka kwa siku zinatimiza dakika 150 za wiki zinazopendekezwa. Zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp achana nazo kabisa. Kinachopungua kwa kuhara ni maji.

Na zege ukilitaka, omba kijiko kimoja cha mafuta. Nilimuuliza yule muuzaji kama angekubali. "Nilikataa lini?" akanijibu. "Hawaombi tu." Bei ni ileile.

Ila uzito ukipanda au kushuka ghafla, kiu ikiwa haikatiki, au chakula kikianza kukutia hofu, usisubiri likizo. Nenda zahanati ya chuo. Bima umeshailipia.