Mgugunaji wa Uruguay: Fuvu Moja, Mizani Tatu

Juma lililopita tuliwaacha jamaa wa ndezi na nungunungu wakiwa wamevuka Atlantiki kutoka Afrika, zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita, na kuzaana Amerika Kusini. Leo tumtazame mmoja wa ukoo huo aliyepita kiasi.

Wataalamu humwita Josephoartigasia monesi. Aliishi Uruguay ya leo, kati ya miaka milioni 4 na 2 iliyopita. Tunamjua hasa kwa fuvu lake, lenye urefu wa sentimita 53, lililopatikana mwaka 1987 kwenye pwani ya Río de la Plata. Lilikaa miaka mingi katika makumbusho ya Montevideo mpaka Andrés Rinderknecht na Ernesto Blanco walipolitangaza mwaka 2008, wakikadiria kuwa mwenyewe alikuwa na uzito wa kama kilo 1,000. Magazeti yakaidaka: panya wa tani nzima!

Shida ni kwamba mwili haupo. Uzito hukisiwa kwa kulinganisha fuvu na miili ya wagugunaji walio hai, na mkubwa wao, kapibara, hufika kilo 60 hivi. Ukitoka hapo kwenda kwenye tani, umeshaondoka mbali sana na chochote kilichowahi kuwekwa kwenye mizani. Mwaka huohuo Virginie Millien alirudia hesabu akapata wastani wa kilo 350. Mwaka 2022 Russell Engelman akapima vifundo vya nyuma ya fuvu, pale linapokalia shingo, akapata kilo 480 hivi. Mimi namfuata huyu wa mwisho: kiungo kinachobeba kichwa hakibadilikibadiliki kwa ajili ya chakula kama taya na meno.

Meno nayo yana yake. Mwaka 2015 Philip Cox, pamoja na wale wawili wa mwanzo, alitumia kompyuta kukisia nguvu za kung'ata: nyutoni 1,400 kwenye meno ya mbele, sawa na kuelemewa na mzigo wa kilo 140. Ajabu ni kwamba meno hayo yangeweza kustahimili karibu mara tatu ya hapo. Ya nini nguvu yote hiyo, kama kazi yake ni kuguguna tu? Jibu lao ni kwamba aliyatumia kama tembo anavyotumia pembe, kuchimbulia ardhi au kujihami. Maadui hawakukosekana, kulikuwa na ndege wakubwa walao nyama, wasioruka. Hao tutawafikia juma lijalo.