Risasi katika mafuta ya kula: huingilia wapi?

Mkulima anayekamua alizeti yake mwenyewe hupunguza gharama ya jikoni, na akiuza lita chache sokoni hupata karo ya mtoto. Ndiyo maana wenye vinu vidogo, pamoja na wateja wao, wanahitaji kuelewa hatari moja isiyoonekana wala kunusika: metali nzito, hasa risasi na kadimiamu.

Mafuta yenye risasi hayana rangi tofauti. Kuyachemsha hakusaidii. Moto huua vijidudu, lakini risasi haiungui ikaisha, na kitambaa cha kuchujia hakiwezi kuinasa ikishachanganyika na mafuta.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo anaweza kufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima aliyemeza kiasi kile kile, na anayekosa madini ya chuma au kalisi huathirika zaidi. Risasi hudhuru ubongo unaokua. Mwili huichukulia kama kalisi na kuihifadhi mifupani kwa miaka mingi. Mama akipata mimba, sehemu yake hutoka mifupani na kumfikia mtoto tumboni. Kadimiamu nayo hulimbikizana kwenye figo.

Kikomo cha kimataifa cha Codex ni miligramu 0.08 za risasi kwa kila kilo ya mafuta. Kwa hesabu hiyo, gramu moja tu inatosha kufikisha tani 12 na nusu za mafuta kwenye kikomo hicho.

Sumu huanzia shambani. Alizeti ni hodari wa kunyonya metali. Ilipandwa hata kwenye madimbwi karibu na Chernobyl, Ukraine, ili kuondoa mionzi majini. Usiipande karibu na mahali pa kuyeyushia betri kuukuu au palipotupwa taka za viwandani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua uchungu wa risasi ya betri. Huko haikupitia mafuta ya kula bali hewa, maji na udongo, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Habari njema ni kwamba mbegu ikikamuliwa, sehemu kubwa ya metali hubaki kwenye mashudu, si kwenye mafuta. Habari mbaya ni kwamba mashudu hulishwa ng'ombe, na kadimiamu huishia kwenye maini na figo, vyakula tunavyovipenda. Kwa hiyo shamba lenye shaka lisitoe mafuta wala mashudu.

Kuanika mbegu kando ya barabara kuu nako kuna hatari. Kenya iliacha petroli yenye risasi mwaka 2006, lakini risasi iliyotua kwenye vumbi haiozi. Anika juu ya turubai, mbali na magari.

Kwenye kinu, sehemu zinazogusa mafuta zisiunganishwe kwa risasi ya kulehemu. Fundi akija kutengeneza, muulize anatumia nini.

Halafu kuna mitungi, na hapa uzembe ni mwingi. Mtungi uliobeba rangi, maji ya betri au oili chafu ya gari hausafishiki kwa sabuni na maji moto, hata ukinukia vizuri. Muuzaji wa mafuta ya kupima akikataa kukuonyesha alikoyahifadhi, nenda kwa mwingine.

Ni maabara pekee inayoweza kuthibitisha kiwango cha risasi. Kwa mafuta ya dukani, tuma herufi SM#, kisha nambari ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora ya KEBS, kwa 20023. Mwenye kinu anayetaka mafuta yake yapimwe aanze kwa afisa wa afya ya umma wa wadi yake.