Matone ya Njano na Vita vya Mizizini

Mama aliyewahi kumwona mwanawe akikataa ziwa kwa sababu ya utando mweupe ulimini anayajua yale matone ya njano. Dawa ni nistatini, na ilitoka udongoni, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Virginia, Marekani.

Walioipata walikuwa wanawake wawili, mmoja akifanya kazi jijini New York, mwenzake Albany, na posta ikawa kiungo chao. Wa kwanza aliotesha vijidudu vya udongo na kuvipambanisha na fangasi. Vilivyoshinda alivitia mtungini akavituma. Wa pili, mkemia, alichuja kiini cha dawa akakirudisha kwa njia ileile. Mara nyingi kilichoua fangasi kiliua na panya wa majaribio. Chembe za fangasi zimekaribiana na zetu kuliko za bakteria, ndiyo maana dawa za fangasi ni chache. Yao ilitangazwa 1950.

Siku hizi watafiti wengi wanaosaka dawa za fangasi wanachimba karibu zaidi na mmea. Ng'oa mharage, ukung'ute: udongo unaobaki umeng'ang'ania mizizi umejaa bakteria kuliko ule uliodondoka, maana mzizi huvujisha sukari. Penye chakula hapakosi ugomvi. Maabarani, kuvu, yaani fangasi, hupandwa katikati ya kisahani, bakteria pembeni. Kuvu hutambaa kama pamba mpaka ifike jirani na bakteria fulani, hapo ikasimama, na ukanda mtupu ukabaki kati yao.

Ukanda huo unasisimua, lakini bado si dawa. Pirolinitrini, inayotengenezwa na baadhi ya bakteria hao, iliharibiwa na mwanga wa jua. Wakemia walilazimika kuiunda upya ndipo ikazaa fludioksonili, dawa inayopakwa kwenye mbegu kabla ya kupanda.

Kwa mkulima wa ndizi msako huu si habari ya mbali. Kuvu ya ugonjwa wa Panama, unaonyausha migomba, hukaa udongoni miaka na miaka, na ukipulizia majani huigusi. Bakteria anayeishi mzizini yuko palepale inapoingilia. Tatizo ni kwamba wengi wanaotamba kisahanini huzidiwa shambani, kwenye ukame na vijidudu wenyeji. Anayekuuzia chupa ya bakteria hao leo kwa ahadi ya kuponya mgomba ulionyauka, mwulize imejaribiwa shamba gani, misimu mingapi. Kwa sasa tafuta miche safi, na usiazime jembe lililotoka kwenye shamba lenye ugonjwa kabla halijaoshwa.