Moyo Unapopasuliwa, Mapafu Nayo Yanahitaji Ulinzi

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeuweka moyo kati ya mapafu mawili. Kwetu hapa Mbalibali, mgonjwa wa moyo anapopewa rufaa ya kwenda Dar es Salaam, jamaa na waumini huhangaikia gharama za safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Mapafu husahaulika, ilhali nayo yaweza kudhurika katika matibabu hayo hayo.

Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu 2015 unaendeshwa hapo na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Mara nyingi moyo husimamishwa, na damu hupitishwa katika mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Mashine ya namna hiyo ilifanikiwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1953, mikononi mwa Daktari John Gibbon wa Marekani.

Muda huo mapafu hunywea, vifuko vyake vya hewa hujifunga, na damu inayoyafikia hupungua sana. Isitoshe, damu ikigusa mipira ya mashine huamsha kinga ya mwili, na mapafu yaweza kuvimba na kujaa majimaji. Ndiyo sababu madaktari huyajaza hewa tena taratibu, huipima pumzi ya mashine isiwe kubwa mno, na huondoa bomba la kupumulia mapema hali inaporuhusu.

Lakini sehemu ya ulinzi imo mikononi mwa familia. Sigara ikomeshwe mapema, wiki kadhaa kabla ya upasuaji. Kikohozi au homa isifichwe kwa kuogopa kuahirishiwa siku. Mgonjwa azoee kuvuta pumzi ndefu kama atakavyoelekezwa.

Baada ya upasuaji, maumivu humfanya aogope kukohoa, na makohozi yanayotuama huweza kuleta nimonia. Akumbatie mto kifuani, akohoe. Aketi na kutembea kila anaporuhusiwa. Mwuguzaji anayemsihi alale tu kutwa humpenda, ila upendo huo humdhuru.

Kuhusu swala, mfupa wa kidari huchukua wiki nyingi kuunga, hivyo mgonjwa asijiinue kwa kuegemea mikono. Sharia imemruhusu kuswali ameketi, na asiyeweza kusujudu huashiria. Asione haya kuitumia rukhsa hiyo.

Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakumwondolei mja wajibu wa kufuata sababu. Michango ya nauli tutaendelea kuikusanya msikitini, in shaa Allah. Bali mwenye rufaa na aanze kuyaandaa mapafu yake siku ile ile anapoipokea, asisubiri siku ya safari.

Wabillahi tawfiq.