Sikio la Mtoto Hujisafisha Lenyewe

Mtoto akishaogeshwa, akapakwa mafuta na kuvalishwa nepi, walezi wengi humlaza mapajani na kumwingizia kijiti cha pamba sikioni. Pasipo na kijiti, hutumika njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku, hata pini. Nia ni njema, ila kazi hiyo sikio hujifanyia lenyewe.

Nta si uchafu. Hutengenezwa na tezi za ngozi karibu na mlango wa sikio, hunasa vumbi, huzuia maji na kupunguza vijidudu. Ngozi ya tundu la sikio husogea nje taratibu, kwa mwendo wa kucha inavyokua, ikiibeba nta kuukuu. Mtoto anaponyonya, taya husaidia kuisukuma.

Kijiti huivurugia njia. Kinatoka na nta kidogo, mama anaridhika, kumbe nyingine imeshindiliwa ndani. Tundu la mtoto ni fupi na jembamba; akigeuza kichwa ghafla, ngoma ya sikio inaweza kutoboka.

Cha ajabu, Leo Gerstenzang alipoanza kutengeneza vijiti hivi Marekani mwaka 1923, aliwalenga watoto wachanga. Utafiti uliochapishwa huko mwaka 2017 ulikadiria kuwa kati ya 1990 na 2010 watoto wapatao 263,000 walitibiwa hospitalini, vitengo vya dharura, kwa majeraha ya masikio yaliyotokana navyo. Wengi waliumia katika kusafisha masikio.

Basi usafishe nini? Chovya kitambaa laini katika maji ya uvuguvugu, kikamue, kisha ufute mikunjo ya sikio na nyuma yake, ambako maziwa anayocheua mtoto hutiririka na kugandia. Nta iliyojitokeza mlangoni ifute pia. Ndani usiingie.

Usimdondoshee mafuta ya kupikia wala maziwa ya mama. Hata dawa ya matone isubiri sikio lipimwe, kwani ngoma ikiwa imetoboka, baadhi ya matone hudhuru.

Akitokwa usaha au damu, sikio likinuka, akiwa na homa, akilia anapoguswa sikio au asiposhtuka kwa kishindo, mpeleke kituo cha afya. Huko atachunguzwa kwa kifaa chenye taa. Nta ikiwa imeziba kweli, itatolewa na mtu anayeona ndani. Nyumbani sote tunapapasa gizani.