Usiagize Kifua Kama Soda

 Leo hapa Isecheno hatuongelei msitu. Nyani tumewaongelea tangu nursery, watalii wanalipa kuwaona, sisi wanatuibia mahindi bure. Leo ni nyonyo.

Rada ni hii. Kila manzi mwenye bundles kutoka hapa hadi Khayega ame-save picha ya kifua cha mtu. Ya socialite, ya dem wa video, ya msupa fulani wa Dubai hajui hata Kakamega ni chakula ama ni mahali. Anaangalia, anapumua, anasema: "Nikishika doh, nataka hizi." Hizi? Manze, hizo ziko na mwenyewe. Zilipimwa na mbavu zake, ngozi yake, mabega yake. Wewe ni mwili mwingine kabisa.

Tusidanganyane, hii kazi ya kuongeza kifua haifanywi Isecheno. Hapa tuko na kituo cha misitu, bandas za wageni na mti wa Mama Mutere. Tuko pia na wasee wa mizizi, watakuuzia mukombero wakiapa unamaliza kila kitu kutoka homa hadi ndoa baridi. Kifua haugusi. Krimu za botcho nazo zinaongeza mfuko wa mwenye anauza, basi. Ukitaka implant, ni basi ya usiku hadi Nairobi. Na hapo ndo watu huanza kuchoma, ju wanafika kwa daki wakiwa na namba kichwani kama wameenda kununua tomato. "Nipatie 500."

500 ya nini? Ya cc. Huko theatre hawaongei cup, wanaongea cc, na cc moja ni mililita moja. Kwa hivyo ile chupa ya soda ya glasi ya 300 ml ndo 300 cc. Shika mbili, moja kila upande, simama mbele ya kioo. Wueh. Na silikoni ya implant inakaribia uzito wa maji, so hapo umejibebesha karibu gramu 300 kila titi. Hiyo imepita robo ya sukari. Mwenye anaitisha 500 anaomba nusu kilo kushoto, nusu kilo kulia, usiku na mchana, kwa boda, kwa bumps, kwa kesha.

Mambo ya cup sahau. Enda soko ya Kakamega town, inama kwa mtumba, toa sidiria tatu zimeandikwa C. Moja itakubana, moja itaingia na jirani yako, moja imeandikwa 75 ju ilitoka Ulaya, na hiyo 75 yao ndo 34 yetu. 34C na 36B kikombe chake kinabeba kiasi kile kile, herufi tu ndo zinakuchezea. Sasa ukimwambia daki "nifanye D", umemwambia nini? Hakuna daki wa maana atakuahidi herufi. Akikuahidi, shika kibeti, toka mbio.

Kile daki anapima ni upana. Anatoa rula, anapima msingi wa titi kwa sentimita, anavuta ngozi kidogo aone inanyooka hadi wapi, anaangalia nyama uliyo nayo tayari. Hapo ndo saizi inatoka. Manzi mwembamba wa msingi wa sentimita 11 akiwekewa implant ya upana wa 14, itatorokea kwapani, ama zote mbili zikutane katikati zifanye mkutano. Unaenda ukitafuta mbili, unarudi na moja ndefu. Na cc hizo hizo 300 kwa dem mpana hazishtui mtu, kwa dem mwembamba ni breaking news. Ndo maana "nataka kama za beshte yangu" ni sentensi ya fala.

Kuna trick ya bure, na inafanywa hadi majuu. Chukua mchele. Pima na ile chupa ya soda: moja imejaa ni 300, jaza hadi nusu ni 150. Mwaga kwa paper bag laini ama soksi ya stocking, funga, weka ndani ya sidiria inayoshika, vaa top ya kubana. Sasa ishi nazo. Usipige selfie uzitoe, hiyo ni maigizo. Teka maji nazo. Osha vyombo. Panda boda kutoka Shinyalu umeshikilia mkebe wa unga. Lala kifudifudi uone. Jioni mabega yatakuambia ukweli wenye Insta haitawahi kukuambia. Mchele ni wa kukupa picha tu, ju implant ikikaa chini ya msuli huonekana imepungua kidogo. Lakini manzi wengi wakifika saa kumi hivi wanashuka wenyewe kutoka 500 hadi 300, na mchele bado utapikwa. Hasara zero.

Afu Insta yenyewe, heri usiiamini hata ikikusalimia. Mnakumbuka Oktoba 2022, socialite Vera Sidika aliposti ametoa implants za nyuma, eti afya imeleta shida? Nchi nzima ikalia, wengine wakahubiri. Kumbe ilikuwa kiki ya kusukuma ngoma yake, Popstar. Msee anaweza kutoa na kurudisha makalio kwa wiki moja bila kisu, na wewe unapeleka screenshot yake kwa daki kama ni ramani ya shamba.

Sasa, zikishaingia. Wiki za kwanza zinakaa juu, ngumu, zimevimba, zinaangalia dari. Utalia. Utatumia mbogi picha ukiuliza kama umeharibiwa. Tulia, zinachukua kama miezi 3 hadi 6 kushuka na kulainika. Kama zako zilikuwa zimelala, implant haiziamshi. Kuinua ni operesheni ingine, kovu ingine, bill ingine. Kama moja ilikuwa kubwa kuliko mwenzake, zitabaki sisters, hazitakuwa twins. Kama chuchu zinaangalia Mumias na Kapsabet, zitaendelea kuangalia huko, sasa kwa sauti kubwa. Chuchu pia inaweza kupoteza hisia, na kunyonyesha mbeleni kunaweza kuwa na shida, so uliza hiyo swali kabla, hata kama saa hii watoto unawaona tu kwa TikTok.

Na keloid! Hii watu hawaongei na ni yetu kabisa, sisi wa ngozi nyeusi. Kama ulitoboa sikio ikaota njugu, mwambie daki mapema. Kisu kinapita mara nyingi pale chini ya titi kwa mkunjo, na hiyo ngozi ni ile ile ya sikio.

Hazikai milele pia. FDA, wale wakubwa wa dawa Marekani, wanasema wazi hii si kitu ya maisha yote. Kwa hesabu yao, hadi dem 1 kati ya 5 waliowekewa kwa sababu ya urembo hutolewa ndani ya miaka 8 hadi 10. Inaweza kupasuka kimya kimya. Mwili unaweza kuizungushia kovu gumu hadi titi likawa kama tofali. Na ukiwa na silikoni wanashauri upigwe MRI ama ultrasound miaka 5 au 6 baadaye, afu kila baada ya miaka 2 au 3. Hiyo nayo nani analipa? Bima ya SHA haijui urembo wako. So usipige hesabu ya theatre pekee, piga ya kuingia na ya kutoka. Ni laki kadhaa, na ile bei ya poster mara nyingi imesahau daki wa usingizi, sidiria ya kubana, dawa na kurudi clinic. Kuna msee atakuambia kwake ni nusu bei. Nusu ya nini? Mwaka 2010 Wafaransa walikamata kampuni ya PIP ikijaza implants na silikoni ya viwandani ndo i-save pesa. Boss wao, Jean-Claude Mas, akatupwa ndani. So itisha card ya implant yenye jina la kampuni na serial number. Simu ya mia tisa unaitisha receipt, hii ni kifua.

Daki mwenyewe mtafute kwa register ya KMPDC, baraza la madaktari, iko online, bundles ya ashu inatosha. Angalia kama ni plastic surgeon wa kusomea, si msee wa koti nyeupe na ring light. Oktoba 2024 mama mmoja alidedi baada ya kufanyiwa urembo wa mwili Nairobi, KMPDC ikafunga hiyo kliniki. Hapo sina joke.

Maoni ya wazee? Kama kawaida, yako mengi na hakuna aliyeyaitisha. Senje atasema kifua ni cha mtoto. Kukhu atauliza hiyo laki haingenunua ng'ombe wa grade. Mzee wa mtaa, ambaye hajawahi kuvaa sidiria siku moja, atataka kuita baraza. Waache wabonge. Ng'ombe wa grade haingii kwa crop top.

Lakini timing, jameni. Najua mnalenga Disemba. Wasee wa Nairobi wamerudi ocha, fahali wanapigana Shinyalu, isukuti inalia, na isukuti yetu ya Isukha haichezwi na miguu peke yake, inachezwa na mabega na kifua. Sasa hesabu kinyume. Zinataka hadi miezi 6 zikae vizuri. Wiki 4 hadi 6 za kwanza hakuna mtungi wa lita 20, hakuna kuni, hakuna kurusha mabega. So Disemba yako inaanza Juni, na mchele wako unaanza Aprili. Ukienda Novemba ju una haraka, utaiskia isukuti ukiwa kwa kiti cha plastiki katikati ya mashosh, umefungwa bandeji, unashikilia watu simu na vibeti.