Matini za Insha ya Kushawishi: Pesa Kidogo Ziende Wapi?

Mwalimu wa Eliye Springs, muhula umekaribia na pesa za vifaa ni chache. Usinunue vitabu vya darasa zima kwa sababu ya insha ya kushawishi. Kurasa mbili zinatosha.

Wa kwanza utoe kwenye Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, pale unapotetea pesa za maendeleo zielekezwe kwenye ardhi nzuri, mvua na barabara. Wa pili ni Ibara ya 204 ya Katiba ya 2010, iliyounda Hazina ya Usawazishaji: nusu asilimia ya mapato ya serikali kuu kila mwaka, kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Mwanafunzi wa Turkana akisoma hoja iliyowaruka wazee wake, kisha jibu lililokuja miaka 45 baadaye, atakuwa na la kusema. Mwambie apigie mstari kila sababu, aitafutie pengo, kisha ajibu.

Zote mbili ni bure mtandaoni. Katiba ina tafsiri ya Kiswahili. Waraka ni wa Kiingereza, kwa hiyo tenga jioni nzima ya kutafsiri. Hiyo pia ni gharama.

Gazeti lina tahariri na barua kwa mhariri, hoja zingali moto. Lakini nauli ya boda kwenye mchanga kutoka Lodwar inaizidi bei yake kwa mbali sana, na karatasi yake huchanika upesi. Agiza moja tu, tena mtu akiwa anakuja. Walio Kakuma wana KANERE, gazeti la wakimbizi wenyewe tangu 2008, linalosomwa bure mtandaoni. Kiingereza chake kinawafaa zaidi wa sekondari.

Kwenye saiba ndiko pesa hupotelea. Uliza kwanza: kupakua, kuprinti na kopi vinatozwa pamoja au kila kimoja peke yake? Kopi ikiwa shilingi 10 kwa ukurasa, wanafunzi 40 kwa kurasa mbili ni shilingi 800. Wakisoma wanne wanne ni 200. Ongeza ada ya kutoa pesa kwenye simu, bando na kuchaji.

Kama hata 200 ni nzito, nunua manila mbili na kalamu nene, uandike mwenyewe kwa herufi kubwa. Zibandike ndani, mbali na dirisha; upepo wa ziwani hauachi karatasi.